Mikrosekunde Zinazokula Fremu: Kupima na Kupunguza Mzigo wa Draiva Huria za Grafiki

Agosti 2012 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa matokeo yaliyowashtua wapenzi wa michezo ya kompyuta. Mchezo wake wa Left 4 Dead 2, ulipohamishiwa Linux kwa mara ya kwanza, ulikwenda kwa fremu 6 tu kwa sekunde. Wahandisi walipomaliza kuushughulikia, ulifika fremu 315 kwenye mashine ileile. Windows 7 kwa njia ya Direct3D, mfumo wa Microsoft wa amri za kuchora, ilitoa fremu 270.6. Kadi ya grafiki haikubadilishwa, na kumbukumbu haikuongezwa. Kilichorekebishwa ni programu: mchezo wenyewe, namna unavyoitumia OpenGL (mfumo mwingine wa amri za kuchora), na draiva iliyo chini yake. Valve ilichunguza pia kwa nini, ndani ya Windows yenyewe, OpenGL ilitoa fremu 303.4 na kuipita Direct3D. Ikakuta kwamba tofauti inatokana na mikrosekunde chache za ziada katika kila fungu la amri za kuchora.

Mikrosekunde hizo ndizo mada ya uchambuzi huu. Draiva iliyotumika katika jaribio lile ilikuwa ya Nvidia, iliyofungwa, na aliye nje ya kampuni hiyo hakuweza kuifungua aone muda unakwenda wapi. Draiva huria, ambayo msimbo wake uko wazi, inaruhusu uchunguzi huo kufanyika hatua kwa hatua na mtu yeyote mwenye kompyuta na subira. Hoja yangu ni kwamba mzigo wa draiva haupungui kwa ustadi wa kuandika msimbo pekee. Unapungua pale kipimo kinapoelekezwa mahali hasa penye gharama, na pale mtu mwingine anapoweza kukirudia kipimo hicho akapata jibu lilelile.

Mzigo unatoka wapi

Mchezo au kivinjari hakijui lugha ya chipu. Kinatoa amri kwa OpenGL au Vulkan: tumia picha hii, tumia sheda ile, chora pembetatu hizi. Draiva inazipokea amri hizo, inazihakiki, inazigeuza kuwa maagizo ambayo chipu inayafahamu, inayaandika katika bafa, kisha inaikabidhi keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ili iyafikishe. Kwenye Linux sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa na Mesa, maktaba iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Wakati huo ilikuwa ikichora kwa prosesa kuu peke yake, bila msaada wa chipu maalumu. Leo ndani yake mna draiva za chipu za Intel, AMD, Qualcomm, Mali, Broadcom na hata Nvidia.

Mzigo wa draiva ni muda ambao prosesa kuu inautumia kuandaa kazi ya kuchora kabla uchoraji wenyewe haujaanza. Una vyanzo kadhaa, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni uhakiki wa hali. OpenGL, iliyoasisiwa na Silicon Graphics mwaka 1992, imejengwa juu ya hali inayoweza kubadilishwa wakati wowote: rangi, picha, sheda, namna ya kuchanganya. Kabla ya kila amri ya kuchora, draiva lazima ijue nini kimebadilika na kama mchanganyiko uliopo ni halali. Ni kama karani wa bandarini anayepekua upya nyaraka zote za meli kila kontena moja linaposhushwa, hata kama makontena mia yaliyotangulia yalikuwa na karatasi zilezile. Draiva nzuri hukumbuka ilichokwisha kukagua.

Cha pili ni sheda. Hizi ni programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya chipu, na draiva ndiyo inayozitafsiri. Kwenye chipu nyingi baadhi ya hali za OpenGL huingizwa ndani ya sheda yenyewe, kwa hiyo mchezo ukibadilisha hali hiyo, sheda inatafsiriwa upya katikati ya mchezo. Mchezaji anaona picha imekwama kwa kitambo.

Cha tatu ni kumbukumbu. Mchezo ukitaka kuandika juu ya bafa ambayo chipu bado inaisoma, draiva inaweza kusubiri chipu imalize, au inaweza kutoa bafa mpya ya jina lilelile na kazi ikaendelea. Uamuzi huo mmoja unaweza kuokoa milisekunde nzima. Kuna pia kumbukumbu ambayo prosesa kuu inaiandika kwa kasi nzuri lakini kuisoma ni polepole mno. Mstari mmoja wa msimbo unaoisoma bila kukusudia unatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Cha nne ni safari za keneli. Kila bafa inapokabidhiwa, kuna mwito wa mfumo. Zamani, kwenye draiva za Intel, keneli ililazimika pia kupitia bafa na kusahihisha anwani za kumbukumbu zilizoandikwa humo kabla ya kuituma. Cha tano ni uratibu wa nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba: kufuli, na vihesabu vinavyofuatilia nani bado anatumia kitu gani. Kihesabu kikiguswa na viini viwili vya prosesa kwa zamu, data yake inahama kutoka kache moja kwenda nyingine, na kila uhamisho una gharama.

Ukitazama amri moja moja, gharama hizi ni ndogo. Lakini chukua mchezo wenye amri 3,000 za kuchora kwa fremu, kila amri ikigharimu mikrosekunde 2. Jumla ni milisekunde 6. Fremu 60 kwa sekunde zinaacha milisekunde 16.67 tu kwa kila fremu, na ndani yake mchezo unatakiwa pia kukokotoa mwendo, sauti na akili za wahusika. Ukipunguza nusu mikrosekunde kwa kila amri, umerudisha milisekunde 1.5 katika kila fremu.

Namba ya fremu na mitego yake

Wengi hupima kwa fremu kwa sekunde, na namba hiyo hupotosha kwa sababu thamani yake haiko sawa kila mahali. Kutoka fremu 60 hadi 70 kunahitaji kuokoa milisekunde 2.38 katika kila fremu. Kutoka 300 hadi 310 kunahitaji takribani 0.11 tu. Zote mbili zinaonekana kama ongezeko la fremu 10, ilhali ya kwanza ni kazi zaidi ya mara 20 ya ya pili. Hata ushindi wa Valve, ukiupima kwa muda, ni kushuka kutoka milisekunde 3.70 hadi 3.17. Ni ushindi wa kweli, lakini ukubwa wake ni nusu milisekunde. Anayechunguza draiva hana budi kuhesabu muda wa fremu.

Mtego wa pili ni kupima kisichohusika. Programu ya glxgears, ile ya magurudumu matatu yanayozunguka, imetumiwa kwa miaka mingi kulinganisha draiva, ilhali inachora vitu vichache mno. Inapima kasi ya kupeleka fremu kwenye skrini, na mchezo wa kweli una mahitaji mengine kabisa. Vilevile, chipu ya grafiki ikiwa imeelemewa, kupunguza mzigo wa draiva hakutaongeza hata fremu moja, kwa kuwa prosesa kuu ilikuwa ikisubiri tangu mwanzo. Mtu akipima katika hali hiyo anaweza kukitupa kiraka kizuri cha msimbo akidhani hakina faida. Njia rahisi ya kugundua ni kupunguza ukubwa wa picha: muda wa fremu usipobadilika, kizuizi hakiko katika kujaza pikseli, na hapo kuna sababu ya kuitazama prosesa kuu.

Mtego wa tatu ni kelele ya mashine. Prosesa za leo zinapandisha na kushusha kasi zenyewe kufuatana na joto na umeme, kwa hiyo jaribio la kwanza, mashine ikiwa baridi, linaweza kushinda la tano bila msimbo kubadilika. Usawazishaji na skrini unaweza kuifunga programu kwenye fremu 60, ndiyo maana Mesa ina kigezo cha vblank_mode cha kuuzima. Kache ya sheda kwenye diski inaufanya mzunguko wa pili uwe mwepesi kuliko wa kwanza. Mwaka 2009 Mytkowicz, Diwan, Hauswirth na Sweeney walionyesha jambo zito zaidi: kubadilisha tu ukubwa wa vigezo vya mazingira vya Unix, au mpangilio wa faili wakati wa kuunganisha programu, kunaweza kusogeza matokeo kiasi cha kumfanya mtafiti atoe hitimisho lisilo sahihi. Ikiwa mambo yasiyohusiana kabisa na msimbo yanaweza kufanya hivyo, tofauti ya asilimia 1 iliyopatikana kwa jaribio moja haina uzito wowote.

Dawa ya kelele ni kurudia na kukokotoa. Zana ndogo ya ministat, iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp wa FreeBSD, inapokea orodha mbili za matokeo na kueleza kama tofauti yake ni ya kuaminika kitakwimu au imo ndani ya kelele. Nidhamu hiyo inahitaji kufunga kasi ya prosesa, kuzima programu nyingine, kupokezana majaribio ya toleo la zamani na jipya, na kukubali jibu hata linapovunja moyo.

Ngazi tatu za kipimo

Wahandisi wa draiva huria wamefika mahali pa kupima katika ngazi tatu, na kila ngazi inajibu swali lake.

Ngazi ya chini ni kipimo kidogo kinachotenga jambo moja. Ndani ya piglit, mkusanyiko wa majaribio wa Mesa, kuna jaribio la drawoverhead linalohesabu amri za kuchora zinazopita kwa sekunde pasipo badiliko lolote. Kisha linahesabu upya huku picha ikibadilishwa kati ya amri na amri, kisha sheda, kisha bafa, na kila matokeo linayaandika kama asilimia ya yale ya kwanza. Mike Blumenkrantz alifuata wazo hilo mwaka 2022 alipotoa vkoverhead kwa ajili ya Vulkan. Faida ya vipimo hivi ni kuonyesha kasoro kwa jina. Badiliko moja likishuka hadi asilimia 10 ya msingi ilhali mengine yako asilimia 70, mhandisi anajua faili la kufungua.

Ngazi ya kati ni rekodi. Zana ya apitrace inanasa amri zote za OpenGL za programu fulani na kuzicheza upya, hivyo kipimo kinafanyika bila mchezaji na bila bahati nasibu ya mchezo. Ngazi ya juu ni mchezo au programu kamili, jinsi mtumiaji anavyoiona.

Kati ya ngazi hizi unasimama uchunguzi wa ndani. Zana ya perf, iliyoingia katika keneli ya Linux mwaka 2009, inaonyesha ni kitendakazi kipi kinachokula muda wa prosesa kuu. Grafu za miali za Brendan Gregg zinauweka muda huo katika picha inayosomeka kwa jicho moja. Hapa kanuni ya Amdahl ya mwaka 1967 inatukumbusha mpaka wa matumaini: draiva ikiwa inakula asilimia 10 ya muda wa prosesa kuu, hata ukiifuta gharama yake yote, kasi itaongezeka kwa asilimia 11 hivi na si zaidi.

Anayekaa kwenye ngazi ya chini peke yake huishia kuboresha jambo ambalo hakuna mchezo unaolifanya. Anayekaa juu peke yake anajua kuna ugonjwa bila kujua uko kiungo gani. Kiraka kinachostahili kuaminika ni kile kinachoonyesha nafuu chini, kikathibitishwa katika rekodi, na kisiharibu chochote juu.

Yaliyofanyika

Njia ya kwanza ni kujenga muundo upya. Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni iris, draiva ya OpenGL ya Intel iliyotangazwa na Kenneth Graunke mwaka 2018. Draiva iliyotangulia, i965, ilikuwa imekomaa na kusahihishwa kwa miaka mingi, lakini kila hali ilipobadilika ilitengeneza upya maagizo ya chipu wakati wa kuchora. Iris ilijengwa juu ya Gallium, mfumo wa Mesa unaoitaka draiva iandae vipande vya hali mapema, mara moja, kisha ivitumie vilevile kila vinapohitajika. Tena ilizipanga anwani za kumbukumbu yenyewe, hivyo keneli haikuhitaji tena kupitia bafa na kuzisahihisha. Katika jaribio la drawoverhead iris iliizidi i965 mara kadhaa. Katika michezo kamili nafuu ilikuwa ndogo zaidi, kama kanuni ya Amdahl inavyotarajia, lakini ilikuwepo. Mwaka 2020, katika Mesa 20.0, iris ikawa draiva ya kawaida kwa chipu za Intel kuanzia kizazi cha Broadwell. Funzo lake ni kwamba ukarabati una kikomo: gharama ikiwa imo katika muundo wenyewe, viraka mia havifui dafu mbele ya muundo mpya.

Njia ya pili ni kugawa kazi. Mwaka 2017 Mesa ilipokea glthread: uzi wa mchezo unaziweka amri za OpenGL katika foleni, na uzi mwingine unazitekeleza. Mchezo unaotuma amri mfululizo bila kuuliza chochote unanufaika sana. Mchezo unaouliza hali au makosa kila mara unalazimisha nyuzi zisubiriane, na unaweza kuwa mzito kuliko mwanzo. Kwa sababu hiyo glthread iliwashwa kwanza kwa michezo iliyokwisha kupimwa mmoja mmoja. Marek Olšák wa AMD aliendelea kupunguza sehemu zinazolazimisha kusubiri. Kwa prosesa za Zen za kampuni hiyo, ambazo viini vyake vimegawanywa katika makundi yenye kache tofauti, Mesa ilifunzwa kuziweka nyuzi zinazoshirikiana katika kundi moja. Hapo draiva ya grafiki ilinufaika na ujuzi wa muundo wa prosesa kuu, jambo ambalo asingeligundua mtu asiyepima.

Njia ya tatu iligusa kompaila. RADV, draiva huria ya Vulkan kwa chipu za AMD iliyoanzishwa na Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen mwaka 2016, ilikuwa ikitafsiri sheda kwa LLVM, kompaila ya matumizi ya jumla. Mwaka 2019 Valve ilitangaza ACO, kompaila iliyoandikwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, yenye shabaha mbili: sheda nzuri, na muda mfupi wa kuzitafsiri. Muda huo ulishuka kwa kiasi kikubwa, na mikwamo ya katikati ya mchezo ikapungua. ACO ikawa chaguo la kawaida la RADV katika Mesa 20.2. Wastani wa fremu kwa sekunde usingeonyesha vizuri faida hiyo, kwa maana fremu moja iliyokwama kwa milisekunde 200 inamezwa na maelfu ya fremu nyepesi. Ilibidi watu watazame fremu mbaya kuliko zote.

Mzigo unapohama

Vulkan, iliyotolewa Februari 2016, ilikuja na ahadi ya kuondoa mzigo. Uhakiki mwingi uliondolewa ndani ya draiva, na mwandishi wa mchezo akatakiwa kutangaza mapema mchanganyiko wote wa sheda na hali atakaoutumia. Ahadi ilitimia kwa sehemu kubwa: amri ya kuchora katika Vulkan ni nyepesi. Lakini michezo mingi haijui mapema itahitaji mchanganyiko upi, kwa hiyo tafsiri ya sheda ikarudi katikati ya mchezo, safari hii ikiwa mikononi mwa mwandishi. Mwaka 2022 Vulkan iliongezewa njia ya kuandaa mchanganyiko huo kwa vipande, na mwaka 2023 njia ya kuzitumia sheda zikiwa pekee, jambo linaloirudisha karibu na desturi ya OpenGL. Uhakiki ulioondolewa kwenye draiva haukutoweka duniani. Ulihamia kwa mwenye mchezo. Kila anayetangaza kuwa ameondoa mzigo aulizwe umekwenda wapi.

Usahihi nao una bei. Kukumbuka hali iliyopita kunaokoa muda mpaka siku draiva inapokumbuka kitu ambacho kimekwisha kubadilika, na skrini ikajaa takataka. Kwa hiyo kiraka cha kasi kinapaswa kupita majaribio ya usahihi ya piglit na ya Khronos, shirika linalosimamia OpenGL na Vulkan, kabla ya kusifiwa. Msimbo wa kasi pia huwa mgumu kusomeka, na ugumu ni deni ambalo watunzaji wa kesho watalilipa. Nafuu ya asilimia 1 inayoongeza kurasa za msimbo usioeleweka mara nyingi haifai.

Nani ananufaika

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote si anasa ya wachezaji wenye mashine za bei ghali. Hali ni kinyume chake. Kompyuta mpakato nyingi zina chipu ya grafiki iliyounganishwa na prosesa kuu, na zote mbili zinagawana bajeti moja ya umeme na joto. Kila kazi inayoondolewa kwa prosesa kuu inaacha wati kwa ajili ya kuchora, au inarefusha maisha ya betri. Kadiri prosesa inavyokuwa dhaifu, ndivyo sehemu ya muda wake inayoliwa na draiva inavyozidi. Raspberry Pi ilipata draiva huria baada ya Broadcom kutoa nyaraka za chipu yake mwaka 2014 na kumwajiri Eric Anholt kuiandika. Kwenye kifaa cha namna hiyo, mikrosekunde ni mali.

Mfano wa crocus una uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika bado zinafanya kazi shuleni, ofisini na kwenye maduka ya huduma za kompyuta. Mwaka 2021 Dave Airlie alichukua muundo wa iris na kuutumia kutengeneza crocus, draiva ya chipu za Intel za miaka ya 2006 hadi 2013 hivi, ambazo kibiashara zilikuwa zimekwisha kusahaulika. Mwishoni mwa mwaka huo Mesa iliziondoa draiva za mfumo wa kale kwenye tawi lake kuu. Bila crocus, mashine hizo zingebaki na msimbo usioendelezwa. Hakuna kampuni ambayo ingepata faida kwa kuziandikia draiva mpya mashine za umri huo. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na mtu mwenye ujuzi aliona inafaa.

Lakini watunzaji wa Mesa hawana kila mashine mezani, na draiva isiyopimwa kwenye vifaa vya zamani inaweza kuharibika kimyakimya toleo baada ya toleo. Wanafunzi wa kompyuta wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura wanazo mashine hizo mikononi. Hawahitaji ruhusa ya mtu kuendesha drawoverhead, kurekodi programu kwa apitrace, kurudia jaribio mpaka takwimu zisimame, na kupeleka matokeo pamoja na maelezo kamili ya mashine. Ripoti moja iliyopimwa vizuri, inayoonyesha toleo gani lilipunguza kasi na kwenye chipu ipi, ina thamani kubwa kwa mtunzaji wa draiva kuliko malalamiko mia. Anayetaka kuingia katika kazi hii aanze na kupima. Msimbo upo wazi, zana ni za bure, na mashine zinazohitaji kupimwa tunazo.